Lugha ya Masharti ya Ufundi: Mfano wa Mchovyo wa Nikeli Usiotumia Umeme

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza jinsi ya kusoma na kulinganisha hati za masharti zitumiwazo viwandani kwa kazi ya kuchovya vyuma kwa nikeli bila ya umeme. La pili, ambalo lawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili, ni kuonyesha ya kuwa ugumu wa hati hizo ni wa lugha kabla ya kuwa wa kemia, na kwamba mfasiri wa Kiswahili asipojihadhari aweza kuuzidisha.

Mazingira ya mifano yetu ni Mwanza. Meli ya MV Victoria iliundwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye ilifanyiwa matengenezo makubwa katika Mwanza na kampuni ya Korea Kusini, ikarejea majini mwaka 2020 pamoja na MV Butiama. Katika bandari ya Mwanza Kusini kumejengwa pia chelezo cha kuundia na kutengenezea meli. Mahali ambapo vyombo na vipuri hutoka nchi mbalimbali namna hii, fundi hana budi kukutana na hati zisizokuwa za asili moja.

1. Jina la kazi yenyewe

Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo karibu: kupaka na kuchovya. Mabaharia wa pwani hupaka deheni chini ya chombo, na fundi hupaka rangi ukutani. Dawa huletwa juu ya kitu kwa mkono au kwa brashi. Sonara, kwa upande wake, huchovya: pete ya shaba huzamishwa, nayo hutoka imevaa dhahabu. Kazi tunayoieleza ni ya namna hii ya pili, kwa hiyo twaiita mchovyo.

Njia hii ilielezwa na Abner Brenner na Grace Riddell wa Marekani mwaka 1946, na hataza yake ikatolewa mwaka 1950. Kipuri huzamishwa katika maji ya moto, aghalabu nyuzi 85 hadi 95 za Selsiasi, yaliyoyeyushwa chumvi ya nikeli na hipofosfaiti ya sodiamu. Hipofosfaiti huifanya nikeli iache maji na kuganda juu ya chuma. Na nikeli iliyokwisha kuganda huchochea nyingine igande juu yake. Kwa kuwa hapana mkondo wa umeme, ambao kwa desturi hukusanyika penye kingo na ncha, unene huwa sawasawa hata ndani ya mabomba na katika meno ya skrubu. Fosforasi nayo hugandia humo humo, na kiasi chake ndicho kiini cha masharti mengi.

2. Mambo matatu yanayoulizwa

Kila hati, iwe ya nchi gani, huuliza mambo matatu: fosforasi ni kiasi gani, unene ni kiasi gani, na kipuri kipashwe moto namna gani baada ya kuchovywa.

Umuhimu wa unene wafahamika upesi kwa mtu aliyezoea mabati. Zinki iliyo juu ya bati huliwa kabla ya chuma, na hata ikikwaruzwa huendelea kukikinga chuma kilicho kando yake. Nikeli haina ukarimu huo. Yenyewe ni ukuta tu. Ukuta ukiwa na tundu, maji hupenya na chuma cha chini ndicho kiliwacho. Mchovyo mwembamba huwa na vitundu vingi, na kwa hiyo unene ni kinga.

Fosforasi ikiwa nyingi, asilimia 10 na kuzidi, mchovyo hustahimili kutu vizuri zaidi. Ikiwa kidogo, mchovyo huwa mgumu zaidi tangu utokapo majini. Ukipashwa moto wa nyuzi karibu 400 kwa muda wa saa moja, ugumu huongezeka sana. Lakini mchovyo wenye fosforasi nyingi waweza kufanya nyufa ndogondogo na kupoteza sehemu ya kinga yake. Basi mhimili wa pampu ya meli hauwezi kupewa kila sifa kwa ukamilifu. Mwenye kuagiza ni lazima achague, na uchaguzi wake huandikwa kwa neno moja au tarakimu moja. Hapo ndipo lugha iingiapo.

3. Hati tatu, lugha tatu

Tutazame hati ya kijeshi ya Marekani MIL-C-26074, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa AMS-C-26074. Hati ya ASTM B733. Na hati ya kimataifa ISO 4527.

Ya kwanza hutaja unene kwa herufi. A ni mikroni 25 hivi, B ni 13, na C ni 38. Msomaji aliyezoea kwamba A ndiyo bora atakosea, kwa maana C ndiyo nene kupita zote, na B ndiyo nyembamba. ASTM B733 hutaja hali ya matumizi kwa namba: ya 1 ni mikroni 5, ya 2 ni 13, ya 3 ni 25, na ya 4, iliyo kali kabisa, ni 75, yaani kama unene wa unywele. Hapa namba ikipanda unene nao hupanda.

Mtego mkubwa umo katika neno la Kiingereza "class", ambalo hati zote mbili hulitumia kwa habari ya kupasha moto. Namba 1 katika zote mbili ni mchovyo usiopashwa moto wa kuongeza ugumu, na namba 2 ni uliopashwa ili uwe mgumu. Namba 4 katika zote mbili yahusu aloi za alumini zinazokubali kuimarishwa kwa moto. Lakini namba 3 ya hati ya kijeshi ni ya aloi za alumini zisizokubali kuimarishwa hivyo, hali namba 3 ya ASTM ni ya chuma: nyuzi 180 hadi 200 kwa saa 2 hadi 4, ili mchovyo ushikamane, na ili haidrojeni iliyoingia wakati wa kazi itoke. Haidrojeni hiyo ikibaki ndani ya chuma kigumu, chuma chaweza kukatika ghafla kikiwa kazini. Alumini ile ya namba 3 ya kwanza, katika ASTM imewekwa chini ya namba 5.

Mswahili hahitaji kufundishwa hatari hii. Msafiri wa Bukoba aambiwapo meli yang'oa nanga saa 3 usiku, huja kwa wakati. Mgeni ahesabuye kwa saa za Kizungu huja meli imekwisha kwenda. Tarakimu ni moja, mwanzo wa hesabu ni mbalimbali.

ISO 4527 hufuata njia nyingine. Huandika NiP(10)25, maana yake nikeli yenye fosforasi asilimia 10, unene mikroni 25. Na moto huandikwa kwa nyuzi na saa zake. Alama hiyo hujieleza yenyewe.

4. Wajibu wa mfasiri

Kiingereza chatumia "type" kwa fosforasi, "class" kwa moto na "grade" kwa unene. Tukiyafasiri yote kwa neno daraja, tutakuwa tumeifuta tofauti ambayo hati yaitegemea. Tena neno daraja lina mzigo wake: katika meli na gari la moshi, daraja la kwanza ni la wenye nafasi na la tatu ni la watu wote. Mnunuzi atadhani mchovyo wa daraja la 1 wapita wa daraja la 3 kwa ubora, wakati hapana cheo chochote hapo. Kiwango nacho kimekwisha kupata kazi yake katika jina la Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975. Haifai kukitumia tena kwa unene.

Kwa hiyo twapendekeza aina kwa fosforasi, kundi kwa moto, alama ya unene kwa unene, na hali ya matumizi kama ilivyo. Tena kila namba ifuatane na jina la hati yake, na vipimo vyenyewe viandikwe kando: asilimia, mikroni, nyuzi na saa. Istilahi nzuri hupunguza makosa. Lakini anayekwenda ziwani juu ya mhimili ule, usalama wake umo katika kipimo kilichotajwa waziwazi.