UZI: Uwanja ni ahadi tamu, lakini nani atacheza ndani?

1/ Kampeni zikianza, lazima mtu apande juu ya gari aahidi uwanja. Mwaka 2013 tuliahidiwa vitano vya kisasa. Na mjadala huwa uleule: huyu anasema "vijana wanataka viwanja", yule anajibu "hospitali kwanza, mpira wenyewe hauna watu". Mimi naishi Athi River, na naona pande zote mbili zinaruka swali moja. Twende polepole.

2/ Tuanze na "Mkenya hapendi mpira wa nyumbani". Si kweli. Agosti 2025 kwenye CHAN, Kasarani ilifurika hadi watu wakaingia bila tiketi, na CAF ikapunguza mashabiki wa mechi za Kenya pale hadi 27,000. Mashabiki wapo. Sasa mbona wikendi ya ligi viti viko wazi?

3/ Sababu ya kwanza: timu nyingi hazina mtaa. Soma majina ya ligi kuu: Kenya Police, KCB, Ulinzi, Posta Rangers. Ni timu za taasisi. Mishahara ina mwenyewe, na hilo ni jambo zuri, wachezaji wanakula. Lakini Kenya Police walipobeba ligi mwaka 2025, ni mtaa gani ulikesha ukisherehekea?

4/ Linganisha na Shabana ya Kisii. Iliporudi ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka mingi huko chini, Gusii Stadium ilijaa. Hakuna aliyewabembeleza watu. Timu ni yao, baba zao waliishangilia, na uwanja uko mjini kwao.

5/ Sasa njoo kwetu Machakos. Kenyatta Stadium ilikarabatiwa na kaunti, na mechi za Cecafa ya 2013 zilichezwa hapo. Uwanja tunao. Lakini kwa muda mrefu wanaoutumia ligi kuu ni wageni, kama Sofapaka ya Nairobi walioufanya nyumbani. Mgeni akipata uwanja mwingine karibu na kwake, anafunga virago. Wewe unabaki na viti.

6/ Sababu ya pili: saa na nauli. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 320,000 Athi River. Wengi ni wa saruji, EPZ, maghala, kazi za zamu. Mechi inapigwa mchana kwa sababu viwanja vingi havina taa, na huyo mtu yuko kazini. Hata akiwa off, apande matatu hadi Machakos mjini na kurudi. Tiketi ikiwa shilingi 200, nauli ishaipita. Na akitaka kwenda na mke na watoto, anafikiria pia vurugu za mashabiki. Anaamua kubaki, anatazama Arsenal hapo mtaani.

7/ Sababu ya tatu: hata wakubwa hawana kwao. Gor Mahia na AFC Leopards hutegemea viwanja vya serikali. Nyayo na Kasarani vilipofungwa kufanyiwa ukarabati, wakawa wanahamahama. Shabiki akilazimika kuuliza kila wiki "leo mnacheza wapi?", mwishowe anaacha kuuliza.

8/ Sababu ya nne: runinga na wafadhili. SuperSport iliondoka 2017, SportPesa ikajitoa 2019. Wenzetu Tanzania, Azam ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Na kumbuka, Simba na Yanga nao hutumia Benjamin Mkapa, uwanja wa serikali. Kwa hiyo kumiliki uwanja si lazima. Lazima ni mtu kuijua timu yake, kuiona kila wiki, na kujua inacheza lini.

9/ Kwa nini hili ni siasa? Kwa sababu deni ni letu. Uwanja wa Talanta wa watu 60,000 unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, kwa hatifungani ya karibu shilingi bilioni 45, ya miaka 15. AFCON ni mwezi mmoja. Miaka mingine yote nani atajaza?

10/ Sisemi tusijenge. Watoto wa Mlolongo na Kitengela wanacheza kwenye vumbi, na hata kile kipande cha vumbi kesho kinaota ghorofa. Ninachosema: swali lisiwe tu "tujenge au tusijenge".

11/ Mheshimiwa akiahidi uwanja, muulize haya:
- Timu gani itacheza hapo, na mechi ngapi kwa mwaka?
- Nani atalipa maji, stima na mtu wa nyasi baada ya kukata utepe?
- Taa zipo? Matatu zinafika?
- Ardhi ina hati? Hili sisi wa Athi River hatuhitaji kufundishwa, baada ya ubomoaji wa Oktoba 2023.
- Watoto wa mtaa wataruhusiwa kuingia siku zisizo na mechi?

12/ Na ujue wa kumuuliza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka viwanja vya michezo vya mashinani chini ya kaunti. Kwa hiyo anza na MCA na gavana, tena wakati wa vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, si siku ya kukata utepe.

Mtaani kwenu kuna uwanja? Nani anacheza ndani? Nijibu hapa chini.