Utafiti wa Watumishi Uwafae Wananchi

Kila mwaka watumishi wa Serikali zetu mbili hupewa ruhusa ya kwenda kusomea shahada ya uzamili huku wakibaki waajiriwa. Baadhi yao hufika Arusha. Huko Tengeru, chini ya Mlima Meru, iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 kwa masomo ya uzamili na uzamivu. Popote wasomapo, liko somo moja ambalo wengi huliona kuwa kikwazo cha kurukwa tu, nalo ni mbinu za utafiti. Twasema bila ya kificho kwamba hilo ndilo somo ambalo wananchi wana haja nalo kuliko yote, na sababu yake yaonekana hapo hapo Meru.

Maji ya baadhi ya mito na chemchemi za mlima huo yana floraidi nyingi, itokayo katika miamba ya volkano. Mtoto anyweaye maji hayo wakati meno yake yangali yanaundwa ndani ya ufizi, huota meno ya rangi ya kahawia. Floraidi ikizidi mno, hata mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kwa miaka mingi viwango vya Tanzania viliruhusu hata miligramu 4. Huko Ngurdoto wataalamu wa Wizara ya Maji wamefanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Sasa tumfikirie afisa mwanafunzi aliyeshika hojaji iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Auliza maji yatekwa wapi, ajibiwa, ajaza, aondoka. Kumbe katika miaka ya 1990 watafiti wa meno walikwisha kuonyesha kwamba hata penye maji ya floraidi kidogo, wapo watoto walioharibika meno, na sababu mojawapo ni magadi, ambayo akina mama wa Kaskazini huyatia chunguni ili makande yalainike upesi. Magadi nayo yana floraidi. Hojaji isiyoingia jikoni isingaliliona jambo hilo, hata ingalijazwa na kaya elfu.

Mbinu ni kujua nani aulizwe, kwa lugha gani, na mbele ya nani. Mwananchi akihojiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji hujibu lile limpendezalo mwenyekiti. Nasi makada twalijua hilo barabara, maana majibu ya namna hiyo tumeyapokea miaka mingi. Tuliosoma chuo cha Kurani kabla ya shule ya Serikali twakumbuka jinsi wapokezi wa hadithi walivyopimwa mmoja mmoja: fulani kasikia kwa nani, na je, alikuwa mkweli? Ajabu basi kwamba mtu aliyelelewa hivyo hununua tasnifu iliyoandikwa na mwingine, akavaa joho.

Mtu huyo hurudi ofisini akapandishwa cheo. Baadaye huletewa ripoti ya mshauri wa mradi, asiweze kuihoji hata tarakimu moja, na fedha za umma zikatoka.

Wizara zinazolipa karo zaweza kuanza na jambo dogo. Kabla mtumishi hajaondoka Unguja au Pemba, yeye na idara yake wakubaliane juu ya swali moja la kazi atakalolichunguza. Arudipo, ayasome matokeo kwa Kiswahili mbele ya wale aliowahoji, mkuu wake akiwapo, nao waulizwe kama ndivyo walivyosema.