Gia ya Kurudi Nyuma: Kasi Inayowezekana na Mwendo Unaofaa Mtaani

Lori la kuzoa taka likiingia katika mtaa mwembamba usio na mahali pa kugeuzia, njia ya kutokea hubaki moja tu: kinyumenyume. Ndivyo ilivyo kwa gari la mizigo linaloshusha viazi sokoni, kwa basi dogo linalotoka katika maegesho ya stendi, kwa gari la wagonjwa linaloingia lango la zahanati, na kwa tipa linalomwaga kifusi katika barabara inayotengenezwa. Huduma nyingi zinazowafikia wakazi wa kata huanza au huishia kwa gari kurudi nyuma. Hata watoto wanaijua sauti yake: mlio mwembamba wa giaboksi, kisha utingo akipiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti, "Rudi, rudi, rudi... basi!"

Swali la kasi ambayo gari linaweza kufikia likirudi nyuma huulizwa vijiweni kwa mzaha, lakini jibu lake lina manufaa kwa kila anayetumia barabara za mtaa. Kwa ufupi, gari dogo la kawaida linaweza kufikia takriban kilomita 50 kwa saa. Lori zito haliwezi kuzidi sana mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Na lipo gari lililovuka kilomita 270 kwa saa. Maelezo marefu zaidi yanaonyesha kwa nini, pamoja na uwezo huo wote, mwendo unaofaa mtaani ni ule wa mtu anayetembea kwa miguu.

Namna gia hiyo inavyofanya kazi

Injini ya gari la petroli au dizeli huzunguka upande mmja tu. Haiwezi kuambiwa igeuke. Ili magurudumu yazunguke kinyume, giaboksi huingiza gurudumu la meno la ziada katikati ya mawili. Magurudumu mawili ya meno yanayoshikana huzunguka kwa pande zinazopingana. La tatu likiwekwa kati yao, mwelekeo wa mwisho hugeuka. Katika giaboksi nyingi za kubadili kwa mkono, meno ya gia hii hukatwa wima badala ya mshazari, na hapo ndipo hutoka ule mlio unaosikika gari linaporudi nyuma.

Gia hiyo imeundwa kwa ajili ya nguvu, si kwa ajili ya mbio. Kazi yake ni kulisogeza gari lililosimama, pengine likiwa na shehena, pengine likiwa mlimani, kwa umbali mfupi. Kwa hiyo hupunguza mizunguko ya injini kama gia ya kwanza inavyofanya, na wakati mwingine zaidi. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1908, lilijulikana kwa kupanda milima mikali kinyumenyume. Gia yake ya nyuma ilikuwa na nguvu kuliko ile ya chini ya kwenda mbele, na mafuta yake yalishuka kwenye injini kwa uzito wake yenyewe, bila pampu; gari likielekeza pua juu, mafuta yangeweza kushindwa kufika.

Hesabu ndogo inaonyesha mpaka wa kasi. Ichukuliwe injini ya gari dogo la abiria inayoweza kuzunguka mara 6,000 kwa dakika. Gia ya nyuma ikiigawanya mizunguko hiyo kwa 3.3, na difu ikaigawanya tena kwa 4.1, gurudumu hubaki na mizunguko takriban 443 kwa dakika. Kila mzunguko wa tairi ukilisogeza gari mita 1.9, gari husafiri karibu mita 840 kwa dakika, yaani kilomita 50 kwa saa. Kiwango hicho ni sawa na kikomo cha mwendo kinachoruhusiwa na sheria ya Tanzania kwa magari yanayopita katika maeneo ya makazi yakienda mbele, dereva akiwa anatazama anakokwenda.

Kwa lori mambo ni tofauti. Injini kubwa ya dizeli ikizunguka mara 2,200 kwa dakika, gia ikigawanya kwa 10 na difu kwa 5, gurudumu huzunguka mara 44 tu kwa dakika. Tairi lenye mzingo wa mita 3.2 litalisogeza lori kwa kilomita 8 hivi kwa saa. Lori, basi, haliogopwi kwa sababu ya kasi yake. Huogopwa kwa sababu ya uzito wake na kwa sababu ya eneo kubwa la nyuma ambalo dereva halioni.

Waliojaribu kufika mbali na kwa kasi

Mwaka 1930, Charles Creighton na James Hargis, raia wa Marekani, waliendesha gari aina ya Ford Model A kinyumenyume kutoka New York hadi Los Angeles, kisha wakarudi New York kwa namna ileile. Safari hiyo ya takriban kilomita 11,555 iliwachukua siku 42, sawa na wastani wa kilomita 275 kwa siku. Walichokionyesha ni uvumilivu wa mashine na wa shingo za madereva. Kasi haikuwa lengo.

Huko Uholanzi, kampuni ya DAF ilionyesha mwaka 1958 gari dogo lililotumia mikanda na kapi zinazobadilika upana badala ya gia za kawaida. Kwa kuwa mfumo huo uliweza kufanya kazi vilevile kwa pande zote mbili, gari hilo liliweza kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Waholanzi hawakuiacha nafasi hiyo ipite: walianzisha mashindano ya mbio za kinyumenyume, na magari yaliyobingirika yakawa sehemu ya burudani.

Tarehe 30 Oktoba 2001, katika uwanja wa ndege wa Kemble nchini Uingereza, dereva wa mbio Darren Manning aliendesha gari jepesi la Caterham kinyumenyume kwa kilomita 165.08 kwa saa. Rekodi hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2023, gari la umeme la Rimac Nevera, linalotengenezwa Kroatia, lilifikia kilomita 275.74 kwa saa likirudi nyuma katika uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani.

Siri ya gari la umeme ni nyepesi: halina gia ya nyuma. Mota yake huzunguka upande wowote kwa kubadilishwa mkondo wa umeme. Kinacholizuia gari la kawaida la umeme lisikimbie kinyumenyume ni programu iliyowekwa na watengenezaji, si chuma. Watengenezaji waliweka kizuizi hicho kwa makusudi, na sababu yake imo katika usukani.

Kwa nini gari huyumba

Anayesukuma toroli lenye vigurudumu vinavyojigeuza ameyaona haya kwa macho yake. Toroli likisukumwa mbele, vigurudumu hufuata vyenyewe na kunyooka. Likivutwa nyuma ghafla, vigurudumu hivyo hupinda, hugeuka na kulivuta toroli kombo. Magurudumu ya mbele ya gari yamewekwa kwa mwinamo unaofanana na huo. Gari likienda mbele, usukani hupenda kujirudisha katikati. Likirudi nyuma, msaada huo hupotea, na usukani uliopindwa kidogo huelekea kujipinda zaidi.

Tena, gari linaporudi nyuma magurudumu yanayokata kona huwa yako mkiani mwa safari. Dereva akikata usukani kidogo, pua ya gari hufagia upande kwa upana mkubwa. Kwa mwendo wa taratibu hilo husaidia kuliingiza gari katika nafasi finyu. Kwa kasi, pua hutaka kuipita nyuma, na gari huzunguka au hupinduka. Madereva wa walinzi wa viongozi hufundishwa kuutumia mzunguko huo kwa makusudi katika viwanja maalumu. Mtaani, kati ya ukuta na meza ya muuza nyanya, hauna matumizi.

Breki nazo hubadilika. Breki za mbele hutengenezwa kuwa na nguvu zaidi kwa sababu gari linaposimama likienda mbele, uzito huegemea mbele. Likisimama ghafla wakati linarudi nyuma, uzito huegemea nyuma, ambako breki ni dhaifu, huku magurudumu ya mbele yenye breki kubwa yakipungukiwa na mkandamizo wa barabara.

Hatari iliyo karibu

Mengi ya hayo huonekana kwa kasi kubwa. Hatari ya kila siku mtaani ipo kwenye kasi ndogo, na inatokana na macho. Kioo cha ndani cha lori lenye bodi huonyesha bodi tu. Vioo vya pembeni huonyesha pande mbili, lakini sehemu ya katikati, nyuma kabisa, haimo katika kioo chochote. Mtoto wa umri wa shule ya awali, mtu aliyechutama kufunga kamba za kiatu, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuwa hapo bila dereva kumwona. Hata nyuma ya gari dogo, mtoto aliye karibu hufichwa na kifuniko cha buti.

Hapo ndipo tofauti ya kilomita chache inapokuwa tofauti ya uhai. Gari linalorudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa husogea mita 1.4 kwa sekunde. Utingo akipaza sauti, na dereva akichukua sekunde 1 kusikia na kukanyaga breki, gari litakuwa limesogea hatua mbili za mtu mzima. Kwa kilomita 20 kwa saa, katika sekunde hiyohiyo gari husogea mita 5.6, zaidi ya urefu wa gari dogo lenyewe, na breki zitakuwa ndiyo kwanza zinaanza kazi. Mwendo ukiongezeka mara 4, nishati ya mgongano huongezeka mara 16.

Yanayopasa kufanyika

Kwa dereva, jambo la kwanza hutangulia kuwasha injini: kushuka na kulizunguka gari kwa miguu, kuangalia nyuma na chini ya uvungu. Anapoweza, aingie maegesho kinyumenyume akiwa ameliona eneo, ili atoke akitazama mbele. Gari lisimame kabisa kabla ya gia ya nyuma kuingizwa; meno ya gia yaliyokatika huanzia kwenye haraka hiyo. Vioo vya pembeni vilivyovunjika virekebishwe, na kengele ya kurudi nyuma iliyozimwa kwa sababu inapiga kelele iunganishwe tena. Kamera ni msaada, lakini matope ya masika huifumba.

Kwa utingo, mahali pa kusimama ni ubavuni, nyuma kidogo ya kona ya gari, pale anapoonekana katika kioo cha dereva. Asisimame katikati ya gari na ukuta. Dereva akipoteza kumwona, asimame papo hapo. Ishara zikubaliwe kabla ya kuanza, na mtu mmoja tu ndiye aelekeze. Sauti za watu 5 wanaopaza kwa wakati mmoja ni sawa na kutokuwa na mwelekezaji.

Kwa wazazi na walezi, siku ya kuzoa taka iwe siku ya kuwaita watoto ndani ya ua pindi lori linapoingia mtaani. Watoto wafundishwe kwamba taa nyeupe zinazowaka nyuma ya gari maana yake ni gari kuja upande wao. Mtu asipite nyuma ya gari lililowashwa injini. Kama hauoni uso wa dereva katika kioo, dereva naye hamwoni. Wakazi wenye ulemavu wa kusikia hawanufaiki na honi wala kengele, na kwao macho ya jirani ndiyo kinga.

Kwa mtaa mzima, kinga bora kuliko zote ni kuipunguza haja ya kurudi nyuma. Taka zikikusanywa mwanzoni mwa uchochoro, lori halilazimiki kuingia ndani. Eneo la kugeuzia lisipovamiwa na vibanda, matofali au magari mabovu, lori hugeuka na kutoka likitazama mbele. Mahali ambapo eneo hilo limezibwa, au ambapo halijawahi kuwapo, taarifa ipelekwe kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Ofisi ya Mtendaji wa Kata, na iingizwe katika ajenda ya mkutano wa hadhara, ambako wakazi wanaweza kukubaliana nani asogeze nini.

Rekodi za Kemble na Papenburg ziliwekwa katika viwanja vitupu, vilivyofungwa, bila mtu nyuma ya gari. Mtaa hauna hali hiyo hata siku moja. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwa anayekwenda kinyumenyume, mwendo wa pole humlinda pia yule aliye nyuma yake ambaye hajamwona.