Shahada ya mazoezi ya viungo: Pima mkopo na kipato mapema

Kila msimu wa kuteua kozi za vyuo vikuu unapowadia, baadhi ya vijana wa Kwale waliong'aa viwanjani wakiwa shuleni huvutiwa na shahada ya Elimu ya Mazoezi ya Viungo, somo ambalo wengi hulijua kama PE. Swali ambalo mzazi wa Msambweni au Diani hujiuliza ni moja: Je, shahada hii itamlisha mwanangu na wakati huohuo kulipa mkopo uliomsomesha?

Jibu linategemea mambo matatu: kiasi atakachokopa, somo la pili atakaloliambatanisha na PE, na jinsi atakavyolishughulikia deni iwapo ajira itachelewa.

Tuanze na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza riba ya asilimia nne kwa mwaka. Mkopaji hutakiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma alipewa kati ya Sh35,000 na Sh60,000 kwa mwaka. Mfumo uliozinduliwa mwaka 2023, ambao ulipingwa mahakamani, uligawanya gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia. Hivyo basi, deni la mwanafunzi mmoja laweza kuwa kubwa kuliko la mwenzake wa darasa moja.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekopa Sh50,000 kila mwaka kwa miaka minne. Deni lake ni Sh200,000. Akiligawanya kwa miaka sita, atalipa takriban Sh3,130 kila mwezi, na riba yote itakuwa kama Sh25,000.

Je, mshahara unaweza kuubeba mzigo huo? Chini ya mkataba wa walimu wa mwaka 2017 hadi 2021, mwalimu mwenye shahada aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) katika daraja la C2 alianza na mshahara wa msingi wa Sh34,955, bila marupurupu. Kwa mwalimu huyo, malipo ya mkopo yangechukua asilimia tisa hivi ya mshahara wa msingi. Hilo linavumilika.

Hata hivyo, wahitimu wengi hawaanzi na mshahara huo. Walimu wanagenzi waliopelekwa katika shule za sekondari msingi kuanzia mwaka 2023 walitengewa Sh20,000 kwa mwezi. Mwenye kipato hicho hutoa zaidi ya asilimia 15 kulipia mkopo uleule, kabla ya kodi ya nyumba, nauli na chakula.

Hapa ndipo somo la pili linapokuwa muhimu. TSC husajili mwalimu wa sekondari aliye na masomo mawili ya kufundishia, na kigezo cha kawaida ni alama ya C+ katika mtihani wa KCSE. Kijana anayeambatanisha PE na Kiswahili, Biolojia au Jiografia ana milango miwili ya kubisha. Aliyesomea sayansi ya michezo pekee, bila mafunzo ya ualimu, hulazimika kurudi chuoni kupata stashahada ya ualimu kabla ya kuingia darasani. Hiyo ni gharama nyingine juu ya deni.

Mtaala mpya umefungua nafasi. Katika sekondari ya juu, ambayo kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipangiwa kuanza Januari 2026, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Hata hivyo, serikali ilikadiria kuwa mkondo huo ungechukua asilimia 15 pekee ya wanafunzi, ilhali sayansi na teknolojia zingechukua asilimia 60. Nafasi zipo, lakini si za kila mhitimu.

Wapo wanaosema, "Nikikosa shule nitaenda hoteli za Diani." Ni kweli kwamba ufuo huo una kazi za kufunza kuogelea, kulinda waogeleaji, kuongoza michezo ya wageni na kufunza mchezo wa kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara. Lakini mwajiri wa huko hutaka cheti cha uokoaji au cha mchezo wenyewe, na shahada pekee haitoshi. Aidha, kazi hizo hufuata misimu. Wageni hufurika wakati wa kaskazi na hupungua masika inapoingia. Mnamo 2020, janga la corona lilipofunga hoteli, wengi walirudi nyumbani mikono mitupu, ilhali walimu wa TSC waliendelea kupokea mishahara ingawa shule zilifungwa.

Kadhalika, isidhaniwe kuwa shahada hii humfanya mtu kuwa mtaalamu wa kutibu viungo hospitalini. Taaluma hiyo ina mafunzo yake na baraza lake la usajili, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2014.

Jambo la tatu ndilo huwaumiza wengi: kunyamaza. Mkopaji asiyelipa hutozwa faini ya Sh5,000 kwa mwezi. Tazama hesabu hii. Faini hiyo inazidi malipo ya Sh3,130 katika mfano wetu. Mwaka mmoja wa kimya huleta faini ya Sh60,000, na miezi 40 huleta Sh200,000, sawa na deni lenyewe. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kuwa riba na faini zisizidi kiasi kilichokopwa, lakini kulipa maradufu bado ni hasara kubwa. Asiye na kazi afadhali aiandikie bodi mapema, aeleze hali yake na kuomba mpango wa malipo anaoumudu.

Kwa familia ya Kwale, hatua ya kwanza ni kupunguza kinachokopwa. Basari haidai riba, kwa hivyo mpango wa kaunti wa Elimu ni Sasa, ulioanzishwa baada ya ugatuzi, na misaada mingine ya masomo huombwa kabla ya mkopo. Uangalifu huo unahitajika zaidi sasa kwa kuwa mgodi wa Base Titanium, uliofadhili wanafunzi wengi wa eneo hilo, ulifungwa Desemba 2024.

Shahada ya PE si kozi ya kudharauliwa. Kijana mwenye somo la pili imara, cheti cha uokoaji na deni dogo anaweza kufundisha Msambweni muhula mzima na kufunza kuogelea Diani wakati wa likizo. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa huanza na hesabu inayofanywa kabla fomu ya mkopo haijajazwa.