Boflo, Mahamri na Bakshishi: Shilingi ya Bekari Iende Wapi

Anayetaka kujua kama bekari ya mtaa wake inamuuzia ghali asianze na bei. Aanze na uzito. Mkate wa slesi wa gramu 400, ule wa kiwandani unaoshushwa alfajiri mbele ya maduka ya Majengo, Bondeni na Kisauni hapa Mombasa, umekuwa ukiuzwa takriban shilingi 65 miaka hii ya karibuni. Ukigawanya, kila gramu 100 inakugharimu shilingi 16 na senti chache. Ule mkubwa wa gramu 800 kwa kawaida huwa kama shilingi 130, kwa hiyo anayeununua akidhani amepata nafuu hakupata kitu, amenunua mikate miwili kwa mpigo tu. Mwenye duka akikukatia nusu, mara nyingi utalipa 35, kwa kuwa hakuna anayehangaika tena na senti 50. Hapo ndipo mnyonge anapoumia: anayenunua nusu asubuhi na nusu jioni hulipa shilingi 70 kwa mkate ambao jirani yake ameuchukua kwa 65.

Boflo la bekari halina karatasi wala maandishi. Linapendeza machoni, limeumuka, ganda limekauka vizuri, na harufu yake humvuta mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Lakini mkate ulioumuka sana una hewa nyingi, na hewa haimshibishi mtoto anayekwenda chuoni asubuhi. Bekari karibu zote zina mizani kwa sababu ya keki, basi omba boflo lako liwekwe juu yake. Tuseme linauzwa shilingi 40 na mizani inasoma gramu 220: umelipa zaidi ya shilingi 18 kwa gramu 100, yaani umeuzidi mkate wa kiwandani. Hilo si kosa la bekari. Shilingi mbili hizo unaweza kuzilipa kwa furaha, ila uzilipie kitu unachokipata kweli, na kitu chenyewe ni ule upya.

Upya una saa zake. Bekari nyingi za mtaani hutoa mikate alfajiri, na zikiwa na wateja wa kutosha hutoa tena alasiri, kabla ya chai ya jioni. Boflo la alfajiri likinunuliwa saa kumi jioni limeshakaa nusu siku ndani ya kabati la kioo, na bei yake haijapungua hata shilingi moja. Ndiyo maana swali la kwanza kaunta lisiwe "Bei gani?" bali "Hii imetoka saa ngapi?" Muuzaji mwaminifu atakujibu waziwazi: "Hii ya asubuhi, mama. Ngoja nusu saa, nyingine iko motoni." Mimi bekari inayonijibu hivyo siihami, hata kama ya mtaa wa pili inauza shilingi tano chini.

Mkate wa kiwandani nao una ubora wake na tusiunyime. Mingi hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, na katika joto na unyevu wetu wa pwani hilo si jambo dogo. Boflo lisilo na dawa laweza kuota ukungu siku ya tatu. Wengi hulikimbiza kwenye friji, na friji ndiyo inayoliharibu kwa namna nyingine: wanga wa mkate hukakamaa haraka zaidi penye baridi ya friji kuliko mezani. Kama hutalimaliza, likate vipande uligandishe kabisa kwenye friza, kisha ukipashe kipande kimoja kimoja. Kwa nyumba ya watu wawili, slesi za kiwandani zina busara. Kwa nyumba ya watu wanane, ambako mkate haulali, boflo la moto ndilo linalofaa.

Kuna jambo la kodi ambalo wateja wachache hulifikiria. Sheria ya VAT ya Kenya inauweka mkate wa kawaida kwenye asilimia sifuri, lakini keki hutozwa asilimia 16. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuutoza mkate nao asilimia hizo 16, na pendekezo hilo likaondolewa mwezi Juni mwaka huohuo katikati ya hasira za wananchi, kabla ya mswada wote kutupwa. Lingepita, mkate wa 65 ungepita 75 kidogo. Kwa hiyo ndani ya bekari moja, kabati moja, boflo na keki ni bidhaa mbili tofauti mbele ya serikali. Tena biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 5 hailazimiki kujiandikisha kwa VAT. Dada anayeoka keki nyumbani kwake Tudor, mara nyingi, hana kodi hiyo kwenye bei yake, ilhali bekari kubwa inayo. Sehemu ya tofauti ya bei unayoiona kati yao inatoka hapo, wala si lazima iwe ulafi wa mmoja wao.

Mahamri sina haja ya kuyapima. Mama wa kibarazani anayeyachoma asubuhi na kuyauza shilingi 10 hivi, pamoja na mbaazi za nazi, anaishinda bekari mchana kweupe. Yake yanatoka kwenye karai mbele ya macho yako, unga umekandwa kwa tui na iliki imetwangwa jana usiku. Ya bekari mara nyingi yamekandwa kwa maji, yamechomwa mapema, na yamelala kwenye kioo yakitoa mafuta. Jambo moja tu la kuangalia kwa mama ni rangi ya mafuta. Yakiwa meusi na yanatoa povu, subiri kesho. Sambusa na kachori ni hivyo hivyo. Skonzi na keki ndogo za vikombe, hapana, hizo zaachiwe bekari, kwa sababu zinataka tanuri yenye joto la kutulia na jiko la mkaa haliwezi.

Pesa nyingi, na uchungu mwingi, viko kwenye keki za sherehe. Kwetu huuzwa kwa kilo, na hapo mteja hajui anapimiwa nini. Fondanti, ile sukari inayotandazwa juu kama kitambaa, ni nzito. Keki ya kilo 2 iliyovishwa fondanti ina keki pungufu kuliko ya kilo 2 iliyopakwa krimu. Uliza kabla ya kutoa arbuni: kilo hizi mnazipima kabla ya kupamba au baada? Ubao wa chini umo kwenye hesabu? Majibu yaandikwe kwenye risiti au ujumbe wa simu, pamoja na jina litakaloandikwa juu, herufi kwa herufi, saa ya kuchukua, na atakayebeba hasara ikiharibika njiani.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Jirani yangu aliagiza keki ya nikahi ya binti yake, yenye krimu, ikaletwa kwa bodaboda saa saba mchana. Ilifika imeteremka upande mmoja. Bekari ikasema ilitoka nzima, kijana wa boda akasema hakuendesha vibaya, na wote wawili huenda walisema kweli, kwa sababu krimu haivumilii jua la saa saba. Mama wa watu alilipa bei kamili na kukaa na aibu yake mbele ya wakwe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ya kupewa maelezo anayoyahitaji, na ya kufidiwa akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa. Muuzaji wa keki ya krimu aliye Mombasa anajua jua letu lilivyo. Kumwambia mteja "ichukue asubuhi au kwa gari lenye kiyoyozi" ni sehemu ya kazi anayolipwa.

Sasa bakshishi, ambayo watu wanaiulizia kwa kunong'ona kana kwamba ni aibu. Kaunta, hudaiwi. Umesimama mwenyewe, umebeba mwenyewe, umelipa bei iliyoandikwa. Ukikaa mezani ukaletewa chai na kipande cha keki, hapo mhudumu amekufanyia kazi, na shilingi 50 au 100 ni shukrani ya heshima, mradi uangalie kwanza kama risiti haina malipo ya huduma tayari. Kijana anayekuletea keki hadi ghorofa ya nne, mpe. Aliyekaa saa nzima akiandika jina la mtoto wako kwa krimu mpaka likakaa sawa, mpe zaidi, maana huyo hukaa jikoni na hakuna anayemwona. Na mwezi wa Ramadhani, wakati bekari zinakesha kwa ajili ya futari na daku za watu, wakumbuke waokaji kabla ya Idi. Kwa maoni yangu, hao wanastahili kuliko mtu yeyote wa mbele.

Ila iangalie njia inayopita. Ukilipa keki ya 280 kwa namba ya Till ukaandika 330 ili 50 iwe ya mhudumu, pesa hiyo imeingia kwenye akaunti ya mwenye bekari, na mhudumu hana namna ya kuidai. Lipa 280 kwenye Till, ambako mteja hakatwi kitu, kisha mpe mhudumu 50 mkononi au umtumie kwa namba yake. M-Pesa haitozi ada kwa kutuma hadi shilingi 100. Kuanzia 101 hadi 500 ada ni shilingi 7. Palipo na mkebe wa sarafu kaunta, uliza unagawanywaje. Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Na chenji si bakshishi. Umetoa 100 kwa mkate wa 65, unadai 35. Ukipewa 30 na peremende mbili, umeuziwa peremende ambazo hukuziomba. Kwa siku ni shilingi tano. Kwa nyumba inayonunua mkate kila siku, zinapita 1,800 kwa mwaka, na fedha hizo ni mikate 28. Bakshishi anaitoa mteja akipenda, kwa mtu anayemchagua, na hawezi kuchaguliwa na droo isiyo na sarafu. Rudisha peremende, useme kwa upole, "Mwanangu, niandikie deni, nitachukua kesho." Bekari ya mtaani inakujua kwa sura, na daftari inalo.

Wenye bekari nao nina ombi kwao. Ubao wenu wa bei una nafasi. Andikeni uzito wa boflo kando ya bei yake, na saa mikate inapotoka. Ikipita magharibi na mikate ya asubuhi bado ipo, shusheni bei yake na mtenge sinia lake. Wateja wa Mombasa wanajua kununua mkate wa jana kwa bei ya jana, wakiambiwa kuwa ni wa jana.