Shilingi Moja Katika Mia

Ndugu msomaji, ukijenga nyumba, je, watenga fungu la kuipamba mapema, au wangoja kuona kitakachobaki? Wajua mwenyewe: mara nyingi hakibaki kitu.

Wakuu wa mji wa Philadelphia, Marekani, waliliona jambo hilo. Mwaka 1959 walikata shauri: mwenye kujenga katika kiwanja alichopewa na idara ya kuujenga mji upya, sharti atenge walau sehemu moja katika mia ya gharama kwa kazi za sanaa. Yaani katika kila dola 100, dola 1. Nayo sanaa hiyo iwe mahali pa watu wote, tajiri na maskini.

Lakini sanaa ni kitu gani? Hapo ndipo penye ubishi. Mwaka 1976, kwa fungu hilo, ilisimamishwa katikati ya mji kazi ya Claes Oldenburg: kibanio cha kuanikia nguo, cha chuma, urefu wake futi 45! Labda wacheka.

Tena wako wasemao: “Watu hawana nyumba, nasi twanunua sanamu?” Neno hilo si la kupuuzwa. Ndiyo sababu yafaa fungu liwe dogo, na watu wapatane kabla ya kujenga: kipi kitahesabiwa sanaa, nani atachagua, nani atalipa.

Basi, mkikutana kupanga ujenzi wa shule yenu, ulizaneni mapema. Kuta zile watoto watazitazama miaka mingi.