Simbilisi na Damu Inayoganda

Jamaa nyingi za Kivu hufuga simbilisi kwa ajili ya nyama. Nasi tulistaajabu kusoma kwamba mnyama huyo mdogo aliwaonyesha waganga njia. Mwaka 1953, katika Marekani, mganga John Kidd aliona kuwa maji ya damu yake huyeyusha uvimbe wa saratani katika panya. Mwaka 1961 John Broome akatambua kiini chake, asparaginazi. Siku hizi dawa hiyo hutolewa katika bakteria, nao hupewa wagonjwa wa lukemia kali ya limfu, ambayo ni saratani ya damu. Huharibu asparajini, chakula ambacho chembe za saratani haziwezi kujitengenezea kadiri ya haja. Basi hufa njaa.

Lakini ini nalo hupungukiwa. Ndilo litengenezalo protini za kugandisha damu, pamoja na zile zinazoizuia isigande ovyo, kama antithrombini. Zote zikipungua, mgonjwa yule yule aweza kutokwa na damu, tena aweza kuzibwa mshipa wa mkono, wa mguu, hata wa ubongo. Watu wazima hupatwa kuliko watoto. Mganga akimpa dawa ya kuzuia kuganda, naye ana upungufu wa vile visahani vya damu vinavyoziba jeraha, damu yaweza kumwagika ndani. Ndiyo sababu hupima damu mara kwa mara.

Ninyi mnaomwuguza, kichwa kikimwuma vikali, mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikimpungua, msiseme ni uchovu wa dawa tu. Mwiteni mganga saa ile ile, hata usiku.